Aliyeinua Mkeka

Fuatino alikuwa na nyumba ya nguzo kumi na nne, na mtu wa kulala ndani yake alikuwa mmoja tu, yeye mwenyewe. Nyumba haikuwa na kuta, kwa hiyo upweke wake haukuwa na pa kujificha. Kila aliyepita barabarani alimwona mjane akila magimbi yake peke yake, kwenye sakafu ambayo ingetosha harusi. Watoto wake wanne walikuwa ng'ambo, wawili Auckland na wawili Sydney, wakimpigia simu ya video kila Jumapili na kumwonyesha wajukuu wasiojua kumwamkia. Mumewe alikuwa hapo mbele ya nyumba, ndani ya kaburi la sementi lenye vigae vya bluu. Juu ya kaburi hilo Fuatino alianika foronya, na jioni aliketi akamweleza marehemu habari za kijiji. Marehemu alikuwa msikilizaji mzuri kuliko alivyokuwa akiwa hai.

Analyn alikuja kwake kwa njia ya kanisa. Ilikuwa Jumapili moja ya mwezi wa tano, katikati ya wimbo wa pili, alipoingia msichana mgeni, miguu peku, amelowa, ana unga kwenye nywele. Kwaya ya Falelupe, kijiji hicho, haijawahi kusimama hata kwa kimbunga, basi watu waliendelea kuimba, lakini macho yote yalimfuata. Msichana alitafuta pa kuketi. Kwenye benchi la Fuatino palikuwa na nafasi moja, mahali pa marehemu, ambapo kwa miaka sita hakuna aliyethubutu kuweka hata Biblia. Akaketi hapo hapo. Fuatino alifungua mdomo ili amwambie pana mwenyewe, kisha akajikuta anampa upepeo wake.

Habari yake ilijulikana kabla ya chakula cha mchana. Tavita, mwenye duka na tanuri la mikate kijiji cha pili, alikuwa amemtoa kwao Ufilipino kwa ahadi ya kazi ya hoteli. Siku ya kwanza akamnyang'anya pasi ya kusafiria. Akamlaza stoo juu ya magunia ya unga, mlango ukifungwa kwa nje, na akamwamsha saa nane za usiku kila siku kukanda mikate, kwa miaka miwili. Wenzake wawili walipoanza kulalamika, ilisemekana walirudishwa kwao kimyakimya. Alibaki yeye, na asubuhi ile mtu alisahau kufunga mlango.

Polisi walikuja, wakamfungulia Tavita kesi na kumpa dhamana, na kesho yake akaja afisa wa serikali kutoka Apia, mji mkuu wa Samoa kwenye kisiwa cha pili, msichana mdogo aitwaye Lanuola, mwenye viatu visivyojua matope. Alieleza kwamba nyumba ya kuwahifadhi watu kama Analyn ilikuwa mjini, nayo imejaa. Akauliza pale uwanjani nani atakaa naye mpaka kesi isikilizwe. Watu wakatazama ndala zao. Fuatino akainua mkono kabla hajajua anainua nini.

"Tavita ni mtoto wa Sieni," mama mmoja wa kamati ya wanawake alimnong'oneza. "Sieni wako huyo huyo."

"Najua ni mtoto wa nani," Fuatino alisema. "Nepi zake nimezifunga mimi."

Sieni alikuwa rafiki yake tangu shule ya masista. Walianguka pamoja kutoka kwenye mshelisheli wakiwa na miaka tisa, na bega la kushoto la Sieni halikunyooka tena tangu siku hiyo. Ndiye aliyemshikia shada la maua Fuatino alipoolewa. Baada ya Analyn kuhamia kwa Fuatino, Sieni hakupita tena barabara ile, na Fuatino hakumlaumu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, na kweli mwenyeji alipona. Analyn aliongea Kisamoa cha dukani, kilichojaa bei na amri, akakipindapinda mpaka kikawa cha nyumbani. Alitia tangawizi kwenye wali na kumcheka Fuatino alipokohoa. Kazi zote alizifanya ila moja, unga hakuugusa. Mfuko wa unga ulipoletwa, alitoka nje akakaa kaburini mpaka ufichwe.

"Mama, unakoroma," alimwambia wiki ya pili.

"Mimi sikoromi."

"Unakoroma kama feri ya Apia. Nilidhani nimefika."

Siku moja, wakitandika, Analyn aliinua godoro akakuta chini yake mkeka wa ukoo, mwembamba na laini kama kitambaa, wa majani ya mkadi, na manyoya mekundu pembeni. Mama yake Fuatino aliusuka kwa miaka mitatu.

"Usiuguse na mikono ya mafuta," Fuatino alisema. "Huo ni wa siku nitakayokufa. Nitafunikwa huo."

"Basi utakaa sana chini ya godoro," Analyn alisema, akaurudisha taratibu.

Fuatino alicheka mpaka akashika nguzo. Usiku ule alipokwisha kusali aliomba kitu ambacho hakupaswa kukiomba. Aliomba kesi iahirishwe. Ilikuwa imeshaahirishwa mara mbili, na kila mara Analyn alilia kwa sababu mama yake alikuwa akimngoja kisiwani Samar. Fuatino alimfuta machozi kwa mkono uleule aliokuwa anaomba nao.

Jumamosi moja ya mwezi wa tisa, Analyn akiwa mtoni anafua, Mchungaji Pesamino alikuja, akaketi kuegemea nguzo ya wageni, akanywa kakao vikombe viwili bila kusema alilojia. Fuatino alimngoja. Alimjua mchungaji huyu. Alipenda amani kuliko habari alizobeba.

"Jumatatu alfajiri," alisema mwishowe. "Watakuja. Ukoo wote wa Tavita, kuomba msamaha."

"Na mkeka?"

"Na mkeka. Sieni ndiye atakayefunikwa. Kaka yake amefariki, jina la uongozi wa ukoo liko kwake sasa."

"Na goti lake lile?"

"Na goti lake lile," mchungaji alisema. "Fuatino, watoto wako wako ng'ambo na jina la mumeo halijapewa mtu. Msichana yuko chini ya paa lako. Mwenye kuinua ni wewe. Uinue, tule pamoja, yaishe. Vijiji viwili havisalimiani tangu mwezi wa tano."

"Na kesi?"

"Kesi ni ya serikali. Lakini jaji naye kazaliwa hapa hapa. Mkeka ukiinuliwa, ataupa uzito. Tavita atalipa faini, atatubu, msichana atakwenda kwao. Nani atakuwa ameumia?"

Fuatino alikusanya vikombe. Alijua vizuri nani ameumia, na alijua pia kwamba kesi yote ilikuwa kinywa cha Analyn, kwa sababu wale wenzake wawili hawakupatikana tena. Lanuola alikuwa amelisema hilo mara nyingi. Mkeka ukiinuliwa, maana yake msamaha umetolewa, na kinywa hicho kingefungwa kwa heshima, mbele ya watu, na mtu yeyote atakayeongea baada ya hapo angeonekana mwenye roho mbaya.

Basi aliamua kutouinua. Wangekaa mbele ya nyumba mpaka jua liwachoke, kisha wangeondoka, na kijiji kingesema lake. Hilo alikuwa tayari kulibeba. Alichoshindwa kukibeba kilikuwa kidogo zaidi, yaani kumwambia Analyn. Alijiambia kwamba anamwepusha na hofu, lakini si kweli, na alijua si kweli. Akimwambia, ingebidi amwulize. Akimwuliza, msichana aliyechoka angeweza kusema uinue, yaishe, niende kwetu. Asipoulizwa, kesi ingeendelea, pengine ingeahirishwa tena, na asubuhi kungekuwa na mtu wa kumwambia kwamba amekoroma.

Jumamosi ikapita. Jumapili walikula majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui, wakalala mchana, wakacheza karata. Mara tatu Fuatino alifungua mdomo, na mara tatu aliuliza kitu kingine.

Jumatatu mvua ilitangulia. Saa kumi na moja hivi Fuatino, ambaye hakuwa amelala, alisikia nyayo nyingi zikikanyaga maji barabarani na kusimama. Mapazia ya makuti alikuwa ameyashusha pande zote tangu jioni. Alichungulia katikati ya majani. Walikuwa wamekwisha kuketi kwenye nyasi, watu thelathini au zaidi, wanaume kwa wanawake, vichwa vimeinama. Mbele yao alikuwa mtu mmoja amefunikwa mkeka. Mkeka ulikuwa umelowa na kushikamana na mgongo wake, na Fuatino akaliona lile bega lililoshuka.

Hakuna aliyesema neno. Mwenye kukosa hana la kusema. Analeta mwili wake tu, auache hapo.

Kaa, Sieni, Fuatino alisema moyoni. Kaa, na mimi nikae. Machozi yalimtoka, maana alijua jinsi goti lile linavyouma kwenye baridi. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyelikanda mafuta. Lakini hakusogea. Ng'ambo ya barabara, kwenye baraza la kanisa, mchungaji alikuwa amesimama amefumba mikono anangoja.

Fuatino alidhani Analyn amelala upande wa pili wa pazia. Alisahau kwamba mwili uliozoeshwa kuamka saa nane hausahau. Msichana alikuwa jikoni nyuma ya nyumba, anachochea moto wa chai, na kupitia mvua na giza lile la mwisho aliona kundi la watu limeketi kwenye maji, na mbele yao mtu amejifunika kitu kilicholowa, visigino vya kizee vikionekana nyuma. Alichukua ule mwavuli mkubwa wa kanisani, akazunguka nyumba akikimbia.

"Bibi, utaumwa," Fuatino alimsikia akisema kwa Kisamoa chake kilichopinda. "Hiki kimelowa. Kitoe, bibi."

Na kabla Fuatino hajalifikia pazia, Analyn alibana mwavuli kwapani, akashika mkeka kwa mikono miwili, akauinua.

Kundi zima lilitoa sauti moja ya kushusha pumzi. Kisha wakaanza kulia na kushukuru, asante, asante, Mungu akubariki, wanawake wakijipiga mapaja, wazee wakiinua mikono. Kwenye baraza mchungaji aliinua ya kwake. Analyn alisimama pale na mkeka mikononi, akitabasamu kwa mashaka, kama mtu aliyeingia kwenye sherehe isiyo yake. Ndipo mwanamume mmoja wa mstari wa pili aliinua uso uliolowa machozi na mvua, akajikokota mbele kwa magoti kumwelekea. Alikuwa Tavita.

Mwavuli ulianguka. Analyn alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo wake ukagonga kaburi la bluu, na hapo akabanana nalo, amekumbatia mkeka. Alidhani amekuja kumchukua.

Fuatino alitoka mbio, nguo ya kulalia mwilini, akasimama katikati yao.

"Rudi nyuma, Tavita," alisema. "Rudi nyuma ulikokuwa."

"Mama Fuatino, mkeka umeinuliwa," Tavita alisema akilia. "Watu wote wameona."

"Umeinuliwa na asiyejua."

Mchungaji alikuwa amekwisha kuvuka barabara. "Fuatino, maji yakimwagika hayazoleki," alisema kwa upole. "Waingize watu ndani. Wamelowa."

"Hajui mkeka ni nini, Mchungaji. Aliona bibi kizee ananyeshewa."

"Huruma ni huruma. Na wewe ulikuwa wapi usimfundishe? Nilikuambia Jumamosi."

Watu waliinua vichwa ili wasikie jibu. Hapo Fuatino aliuona uwongo mfupi uliokuwa karibu naye: angesema alisahau, au mchungaji hakueleza vizuri. Lakini Analyn alikuwa anamtazama.

"Jumamosi?" Analyn aliuliza.

"Nilijua tangu Jumamosi," Fuatino alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma. "Nilijua, nikanyamaza. Binti yangu, hawa wamekuja kuomba msamaha. Anayeuinua huo mkeka amewasamehe. Jaji akisikia umeuinua, atampunguzia Tavita, pengine hatafungwa kabisa. Ilikuwa haki yako kuulizwa, na sikukuuliza."

"Kwa nini?"

Mvua ilipiga juu ya vigae. Fuatino alitamani aulizwe hilo mahali popote pengine.

"Nilitaka ukae," alisema. "Nilitaka kesi isiishe. Basi."

Analyn hakulia. Ingekuwa rahisi kama angelia. Alimtazama Fuatino kama alivyomtazama siku ile kanisani, kabla ya upepeo, kama mtu mmoja miongoni mwa watu wasiojulikana.

Aliyeongea alikuwa Sieni. Alikuwa bado amepiga magoti, mvi zimemshika usoni, na hakumtazama mwanawe wala mchungaji.

"Nifunike tena, mwanangu," alimwambia Analyn. "Msamaha wa kuibiwa siutaki. Nifunike, kisha ufanye unavyotaka wewe."

Analyn aliutazama mkeka, akamtazama Tavita, aliyekuwa akimvuta mama yake mkono akisema mama, mama, yamekwisha. Kisha aliukung'uta maji, akamfunika Sieni vizuri, kichwa na mabega, akivuta pembe hata bega lile bovu likafunikwa. Akauokota mwavuli, akaufungua, akauchomeka kwenye nyasi juu ya bibi kizee huyo. Akaingia ndani ya nyumba, akashusha pazia nyuma yake.

Ukoo ulikaa mpaka saa sita mchana. Mvua ilikatika, jua likatoka, mvuke ukapanda kutoka migongoni mwao, na ndani ya nyumba hakuna aliyetoka. Walipoondoka, wanaume wawili walimbeba Sieni, kwa sababu goti lilikuwa limekataa. Mwavuli waliufunga, wakaulaza juu ya kaburi.

Kesho yake Sieni alimtuma mpwa wake kituo cha polisi na bahasha. Ndani mlikuwa na pasi tatu za kusafiria, ya Analyn na za wale wawili ambao Tavita aliapa walirudi nazo kwao. Ilionekana basi kwamba hakuna aliyejua wanawake wale walikwenda wapi, na kwamba kesi ilikuwa kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Lanuola alikuja na gari la serikali siku hiyo hiyo. Alisema nafasi imepatikana mjini. Fuatino alijua haikupatikana hivi hivi. Analyn alikuwa ameiomba kwa simu.

Alifungasha vitu vyake kimoja kimoja. Fuatino alisimama karibu na nguzo, mikono haina kazi.

"Nimekuwekea magimbi ya njiani," alisema.

"Asante, Mama."

"Utanipigia simu?"

"Tavita alifunga mlango," Analyn alisema polepole, akitafuta maneno. "Wewe huna mlango. Nilipenda hivyo. Sikujua kwamba hata nyumba isiyo na mlango inaweza kufungwa."

Akapanda gari. Magimbi aliyachukua, maana alikuwa na adabu.

Baada ya hapo nyumba ilikuwa kubwa kuliko zamani. Kijiji hakikumtukana Fuatino. Kijiji kilimpita tu. Kamati ya wanawake ilipokagua usafi wa nyumba ilianza ya jirani wa kushoto, ikaendelea na ya jirani wa kulia. Mtungi wa gesi ulipogongwa kuita watu kanisani, alikwenda, akaketi, na sasa nafasi zilikuwa wazi pande zote mbili. Huko kijiji cha pili Sieni naye, alisikia, hatoki, watu wake wanasema amemuuza mwanawe. Bibi wawili walioanguka kutoka mti mmoja, kila mmoja kwenye nyumba yake, wamenyamaza. Hata marehemu kule chini, Fuatino alihisi, alikuwa amegeuza uso.

Wiki ya tatu aliinua godoro. Alimpigia simu mwanawe mkubwa Auckland, akamweleza anachotaka kufanya.

"Mama, hicho kitu hufanywa na ukoo," mwanawe alisema. "Watu ishirini, thelathini. Mtu mmoja hawezi. Watakucheka."

"Ukoo wangu uko wapi?"

"Ngoja Krismasi tuje."

"Atakuwa amekwenda," Fuatino alisema, akakata simu.

Alivuka kwa feri ya alasiri, akalala kwa binamu yake mjini, na kabla hakujapambazuka alitembea mpaka nyumba aliyoelekezwa na Lanuola, nyumba ndogo ya matofali yenye mlango wa chuma wa kijani. Alipiga magoti kwenye sementi mbele ya mlango huo, akajifunika mkeka wa mazishi yake, akainamisha kichwa.

Chini ya mkeka dunia ni ndogo. Ni magoti yako, kipande cha sementi, na pumzi yako mwenyewe. Alisikia mji ukiamka. Wanawake wawili walipita, wakasimama.

"Huyo amefunikwa. Ukoo wake uko wapi?"

"Yuko peke yake, masikini. Pengine kichwa si kizuri."

Wakaenda zao. Mbwa wa mtaa alikuja, akamnusa kisigino, akazunguka mara mbili, akajilaza ubavuni kwake. Basi ukoo ukawa watu wawili. Fuatino aliona aibu yake yote pale, kubwa na ya kuchekesha, akaiacha ikae.

Nyuma ya mlango kulikuwa na sauti aliyoitambua baada ya muda, kitu laini kinapigwa mezani, kinakunjwa, kinapigwa tena. Mtu alikuwa anakanda unga.

Sauti ilikoma. Mlango ukafunguka. Ndala zikaja mpaka ukingoni mwa mkeka.

"Ni wewe," alisema Analyn. "Nakujua kwa visigino."

Aliyefunikwa hasemi, na Fuatino hakusema.

"Najua hujibu. Nilimwomba Lanuola anifundishe yote. Sasa najua mkeka ni nini, siinui kwa mvua." Ndala ziligeuka upande wa barabara. "Hukuja na mtu? Hata mmoja?"

Mbwa alipiga mkia chini.

"Nina mikate mikononi," Analyn alisema. "Ya kwangu. Nimeanza juzi. Siwezi kuiacha, itaharibika. Kaa kwanza."

Mlango haukufungwa, lakini ndala zilirudi ndani. Fuatino alikaa. Jua lilipanda ukutani, likashuka mgongoni mwake. Magoti yalimwaka, kisha yakafa ganzi, kisha yakaanza kuwaka upya, na akamfikiria Sieni kwenye maji. Alisikia trei ikiingia motoni. Harufu ya mkate ikatoka, ikamfikia chini ya majani ya mkadi, na bado hakuna aliyekuja. Hakujua kama ataitwa au ataachwa mpaka jioni. Aliona ni sawa asijue. Analyn naye hakuambiwa kitu tangu Jumamosi ile mpaka Jumatatu.

Kisha ndala zikaja haraka haraka, na mwanga ukamjaa usoni.

Analyn alikuwa amesimama mbele yake, ameushika mkeka kwa mikono miwili, aproni kiunoni. Hakutabasamu. Alionekana amekonda, na amekua.

"Kesi ni Alhamisi," alisema. "Nitasema yote, mbele yake. Ndege yangu ni Jumamosi."

"Najua," Fuatino alisema. Sauti yake ilitoka imekwaruza.

"Kwa hiyo huu haubadilishi kitu. Sikai."

"Najua, binti yangu."

"Ilimradi unajua." Akampa mkono, akamwinua, na ilichukua muda, maana miguu haikukubali. Mbwa naye aliinuka.

Ndipo Analyn alipouona mkeka. Pande mbili alizoushika palikuwa na alama nyeupe, vidole kumi vya unga, vimejichapa kwenye ule ususi wa miaka mitatu. Akashtuka, akaanza kuukung'uta kwa ncha ya aproni.

"Acha," Fuatino alisema.

"Si ndio ule wa kukuzikia?"

"Ndio huo huo." Akauchukua, akaukunja taratibu kwa ndani, alama zikabaki katikati, akaubana kifuani. "Acha hivyo hivyo."

Analyn alimtazama kidogo, kisha akasogea pembeni mwa mlango ili apite. Ndani mkate ulikuwa bado wa moto.